Karani wa Tumbaku na Kijana wa Kompyuta

Kila kizazi cha walimu huahidiwa chombo kipya kitakachomaliza tatizo la vijana wanaohitimu huku hawajui kazi. Sisi tulioanza kufundisha miaka ya 1970 tuliahidiwa redio. Wenzetu wa mchepuo wa biashara waliahidiwa mashine za kupiga chapa. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, ahadi ilikuja ndani ya maboksi ya kompyuta. Siku hizi vijana niliowafundisha, ambao nao sasa wana mvi, hunieleza habari za masomo ya mtandaoni, vishikwambi na programu za uhasibu, na sauti yao ni ileile tuliyokuwa nayo sisi. Sisemi haya kwa kejeli, maana vyombo hivyo vyote vilikuwa na faida zake. Ninachotaka kukichunguza hapa ni jambo moja tu: ni kitu gani hasa kilichomwezesha kijana aliyesoma biashara kukaa kwenye kiti cha karani na kuifanya kazi siku ya kwanza? Mkoa wetu wa Ruvuma, ambao watu wa mbali wamezoea kuukumbuka kwa vita vya Maji Maji tu, una mengi ya kusema juu ya swali hilo.

Tuanze na tumbaku. Mwaka 1936 kilianzishwa hapa Songea chama kikuu cha ushirika cha Ngoni-Matengo, na chini yake vikawapo vyama vya msingi vijijini. Mkulima alileta tumbaku yake iliyokaushwa kwa moshi, ikapimwa, ikapangwa madaraja, akaandikiwa. Aliyeandika ndiye karani. Baba yangu mdogo alikuwa karani wa chama kimoja cha msingi katika miaka ya 1960, na mimi nikiwa mwanafunzi nilikuwa nikimsaidia kubeba madaftari siku za soko. Hakuwa na cheti cha biashara. Elimu yake ilikuwa ya darasa la nane. Lakini mbele yake palisimama msururu wa watu ambao kila mmoja aliujua mzigo wake kwa kuubeba kichwani, na kama angeandika ratili hamsini badala ya hamsini na tano, asingefika nyumbani kabla habari haijafika. Wazee wengine hawakujua kusoma. Walitaka wasomewe kwa sauti, na waliposomewa walirudia tarakimu hiyo mara mbili tatu, kisha wakaondoka nayo moyoni. Wiki mbili baadaye angeweza kurudi mmoja wao na kukutajia kilo zako zote bila karatasi.

Basi huyo baba mdogo alisomaje uhasibu? Alisoma kwa posta. Chuo cha Ushirika kule Moshi kilifunguliwa mwaka 1963, na mara baada yake pakawa na kituo cha elimu ya ushirika kilichotuma masomo kwa njia ya posta hadi vijijini, kwa Kiswahili, na kikawa na matawi mikoani. Redio nayo ilitumika kuyatilia nguvu masomo hayo. Bahasha ilifika kwa basi. Ndani mlikuwa na somo, maswali, na karatasi ya majibu ya kurudisha Moshi. Leo tungeiita elimu masafa na tungeiandikia makala ndefu. Kwake ilikuwa bahasha tu. Lakini angalia ilivyofanya kazi: somo lilipozungumzia daftari la fedha taslimu, yeye alilifungua daftari la fedha taslimu la chama chake. Lilipozungumzia urari, aliufanya urari kwa fedha za watu anaowaamkia kila asubuhi. Mwalimu wake alikuwa mbali sana, lakini hesabu zilikuwa mezani pake.

Nimeirudia picha hiyo mara nyingi katika maisha yangu ya ualimu, kwa sababu baadaye shuleni tulifanya kinyume chake kabisa: mwalimu alikuwa karibu, na hesabu zikawa mbali.

Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea. Watu wengi wanakikumbuka kwa jembe. Wanafunzi wakalima, wakafuga, wakafyatua matofali. Ukweli ni kwamba kijitabu kile kilidai zaidi ya jembe: kilitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi zao na kuamua mapato yatumikeje. Na hapa kwetu jambo hilo halikuwa geni. Kule Litowa, katika kijiji kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ambacho kilikuja kuwa kiini cha Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, palikuwa na shule ambamo watoto walishiriki katika maamuzi ya shule na ya mashamba yake. Chama hicho kilikuwa na vijiji zaidi ya kumi na kilimiliki hata kinu cha kusaga nafaka hapa mjini Songea. Wanavijiji walikuwa wakiendesha biashara yao wenyewe. Septemba 1969 chama kikavunjwa kwa uamuzi wa TANU. Yako mengi yaliyoandikwa juu ya siasa za uamuzi ule, nami sitaingia humo. Nitasema tu kwamba kama mtu wa elimu ninausikitikia, kwa sababu mkoa ulipoteza mahali pa pekee ambapo mtoto wa shule angeweza kuona jinsi fedha ya pamoja inavyoingia, inavyotoka na inavyogombewa.

Katika shule nyingi nilizozijua baadaye, shamba lilibaki na hesabu zikatoweka machoni pa wanafunzi. Watoto walilima mahindi ekari nne. Mahindi yakauzwa. Nani alijua yaliuzwa kiasi gani? Mkuu wa shule na mtunza fedha. Saa nne asubuhi kijana alitoka shambani, akanawa mikono, akaingia darasani kufundishwa daftari la mauzo kwa mfano wa Bwana Fulani aliyeuza baiskeli kule Uingereza, katika kitabu kilichochapwa huko. Mahindi aliyoyapalilia mwenyewe hayakuingia katika daftari lake la mazoezi hata siku moja.

Sasa nije kwenye mashine, maana ndugu msomaji huenda anangoja kwa hamu.

Wengi hawajui kwamba Tanzania ilipata kompyuta mapema. Mwaka 1965 iliwekwa ya kwanza, aina ya ICT 1500, katika Wizara ya Fedha. Uhuru ulikuwa na miaka minne tu. Kazi yake ilikuwa hesabu za Serikali, yaani kazi ileile ya karani wa tumbaku, ila kwa ukubwa wa nchi nzima. Miaka michache baadaye kazi hiyo ilikwama. Wabunifu wa mfumo wengi walikuwa wageni, wataalamu wazalendo walikuwa wachache mno, na makarani waliopaswa kuilisha mashine ile takwimu kila siku hawakuandaliwa ipasavyo. Mashine haina huruma katika jambo hilo. Ukiilisha stakabadhi iliyoandikwa vibaya, itakurudishia jumla iliyopigwa chapa vizuri sana na yenye makosa yaleyale. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo iligusa hata televisheni. Ndiyo maana Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa na picha za rangi tangu miaka ya 1970. Amri ile ililegezwa kidogokidogo katika miaka ya 1980.

Vijana huicheka amri ya 1974 wanapoisikia. Mimi siicheki. Nadhani ilikuwa dawa kali mno kwa ugonjwa uliotambuliwa nusu. Tatizo lilikuwa makarani, na tiba ikaenda kwa mashine. Tungeliwafunza makarani, mashine zingelipata wa kuzitumia. Tulizifungia mashine mlango, na makarani wakabaki walivyokuwa.

Hata hivyo, mwaka huohuo wa 1974, mwezi Novemba, lilipitishwa Azimio la Musoma. Hilo linakumbukwa kwa elimu ya msingi kwa wote, lakini lilikuwa na kipengele kingine: kijana aliyemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, bali afanye kazi kwanza, naye apate neno la kumdhamini kutoka kazini. Wazazi walinung'unika, na walikuwa na sababu, kwani wapo waliopotelea huko makazini wasirudi kwenye masomo, hasa wasichana walioolewa katikati. Baadaye sharti likalegezwa. Lakini wakufunzi wenzangu waliosoma vyuoni kipindi hicho walikuwa wakinieleza jinsi wanafunzi hao walivyouliza maswali. Mtu aliyewahi kukaa bohari ya halmashauri miaka miwili, mkimfundisha kadi ya bohari, hakuulizeni kadi ni nini. Anawauliza: bwana mkubwa akija kuchukua mabati jioni bila hati, niandike nini?

Swali hilo halimo katika kitabu chochote cha biashara nilichokifundisha, nalo ndilo swali la kazi yenyewe.

Nchi ilikuwa inajenga vyuo vya fani hii kwa bidii: Chuo cha Elimu ya Biashara mwaka 1965, Chuo cha Usimamizi wa Fedha na kile cha Mzumbe mwaka 1972, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria iliyozaa Bodi ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Vyote hivyo vilikuwa mbali na Songea. Kijana wa huku alikwenda kwa basi siku mbili, na akihitimu hakurudi. Ushirika wenyewe, ambao ungemwajiri, ulivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya 1982, na kwa hiyo uzi uliokatika haukuunganishwa palepale. Makarani wazoefu walikuwa wamekwisha tawanyika. Wengine walifungua maduka na kufanikiwa.

Kompyuta zilitufikia vyuo vya ualimu mwaka 2005, kwa mpango wa Wizara uliosaidiwa na Sweden, wa kuviwekea vyuo vyote vya Serikali, 34 kwa hesabu ya wakati ule, vifaa vya TEHAMA. Siwezi kusahau furaha ya siku ile. Wakufunzi watu wazima walijipanga kama watoto kuigusa puku. Lakini Songea ya 2005 ilikuwa inapata umeme wa majenereta ya dizeli, na umeme wa mgawo humfundisha mtu unyenyekevu. Ulikuwa unapanga kipindi cha saa tatu, umeme unakuja saa tisa. Mji wetu uliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018, kwa njia kubwa ya umeme kutoka Makambako, ambayo nayo ilijengwa kwa msaada wa Sweden na kuzinduliwa rasmi Aprili 2019. Kwa hiyo kompyuta zilitangulia umeme wa uhakika kwa miaka 13. Anayezungumzia mbinu za kidijitali katika mikoa ya pembezoni aanzie hapo.

Umeme ulipokuwapo, nilijifunza jambo moja ambalo sikulisoma popote. Katika leja ya mkono, mwanafunzi akikosea, urari unamkatalia. Upande wa kushoto unakuwa elfu nne mia tano, wa kulia elfu nne mia mbili, naye anakesha akizitafuta mia tatu. Usiku huo wa kutafuta ndio somo lenyewe. Anapitia kila hati, na kabla ya kuipata ile mia tatu amekwisha ijua biashara nzima. Programu ya uhasibu haimruhusu kukosea kwa namna hiyo. Inakataa ingizo la upande mmoja, na kwa hiyo urari wake hukubali daima. Ni jambo jema kwa ofisi. Lakini mwanafunzi akiweka malipo ya mbolea katika akaunti ya usafiri, urari unakubali vilevile. Akisahau kabisa kuiingiza stakabadhi, unakubali. Anaona pande mbili zimelingana, anaridhika, anafunga kompyuta. Sisi wa zamani tulifundishwa kwamba urari uliokubali si uthibitisho wa hesabu sahihi, ila tuliliamini hilo kwa sababu tulikuwa tumeteseka nao. Kijana wa leo analisoma kama sentensi ya kukariri kwa ajili ya mtihani.

Nina mjukuu aliyepata stashahada ya usimamizi wa biashara, katika chuo ambacho sitakitaja. Alifaulu vizuri. Masomo mengi aliyapata katika simu: maandishi ya mhadhiri, video, mazoezi ya kuchagua jibu sahihi. Mwaka mzima baada ya kuhitimu alituma maombi ya kazi. Akaitwa kwenye usaili mmoja, akawekewa mezani taarifa ya benki na daftari la fedha la ofisi hiyo, akaambiwa avioanishe. Alirudi nyumbani kimya. Aliniambia, "Babu, najua maana yake, ila sijawahi kuishika taarifa ya benki yenyewe." Miezi mitatu baadaye alianza kumshikia mwenzake kibanda cha uwakala wa fedha kule Mfaranyaki. Huduma hizo, zilizoanza nchini na M-Pesa mwaka 2008, zimekuwa chuo kikuu cha biashara kisichosajiliwa. Wakala ana fedha taslimu mkononi na floti ndani ya simu. Mteja akiweka, taslimu inaongezeka na floti inapungua. Mteja akitoa, kinyume chake. Jumla ya viwili hivyo, kabla ya kamisheni, haina budi kuwa ileile iliyokuwapo asubuhi. Mjukuu wangu alifunga kibanda usiku wa kwanza akiwa na upungufu wa shilingi 20,000, na upungufu huo ni wa wakala, hakuna wa kumlipia. Hakulala. Asubuhi alikuwa ameandika daftari lake mwenyewe, lenye safu nne, bila kuelekezwa na mtu. Nilipoliona nilimwambia kwamba hilo ndilo daftari la fedha lenye safu za taslimu na benki, lile lililomo katika kitabu cha kidato cha tatu. Alicheka sana.

Wapo watakaosema hiyo si ajira ya msomi. Na mimi nakubali kwamba hakusomeshwa ili akae kwenye kibanda. Lakini tazama kazi iliyopo sasa hivi huku kwetu. Ufuta na mbaazi za Namtumbo, na korosho za Tunduru, huuzwa kwa stakabadhi ghalani, mfumo uliotungiwa sheria mwaka 2005, na minada yake imehamia mtandaoni kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Mkulima analeta mzigo kwenye chama cha msingi, unapimwa, unakwenda ghalani, wanunuzi wanashindana bei wakiwa popote walipo, na fedha inaingia katika akaunti ya mkulima baada ya kukatwa ushuru na michango ya vyama. Ni mfumo wa kisasa kabisa. Na mwanzo wake uko palepale alipokaa baba yangu mdogo: mtu mmoja na mizani, anaandika kilo na jina. Akikosea jina, fedha itakwenda kwa mtu mwingine kwa kasi ambayo zamani haikuwapo. Zamani tungelimpata kijijini jioni ileile. Vyama hivi vinahitaji makarani wanaojua mizani, makato, simu na kompyuta kwa pamoja, nao ni adimu, ilhali mjini tunao vijana wenye vyeti wanaoketi vijiweni.

Chuo cha Uhasibu Arusha sasa kina kampasi yake hapa Songea, jambo ambalo miaka ya 1970 tungeliona ndoto. Chuo Kikuu Huria kina kituo chake pia. Kijana hahitaji tena basi la siku mbili. Na mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umeliingiza somo la biashara katika masomo ya lazima ya sekondari. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viligawiwa walimu. Kwa upande wa vyombo, sijaona wakati bora kuliko huu. Wasiwasi wangu uko kwa walimu. Somo likiwa la lazima, linahitaji walimu wengi kwa haraka, na wengi watakuwa vijana waliotoka darasani kuingia darasani, ambao hawajawahi kuuza hata debe la mahindi kwa hesabu iliyoandikwa. Watafanya nini? Watafungua kishikwambi na kuonyesha video ya Bwana Fulani na baiskeli zake, safari hii zikiwa za rangi.

Shule moja ya kata jirani na kwangu iliniomba nizungumze na walimu wake wa somo hilo. Waliniuliza programu gani ya uhasibu ni nzuri na ya bure. Niliwajibu kadiri ya ujuzi wangu, ambao si mkubwa. Kisha nikamuuliza mwalimu mkuu shamba la shule lina ekari ngapi. Akasema tatu, mahindi. Nikamwomba kidato cha kwanza wakabidhiwe hesabu za shamba hilo lote, mbegu, mbolea, vibarua na mauzo, kwanza katika daftari la kaunta, na mwisho wa kila mwezi waziingize katika kishikwambi cha mwalimu waone kama majibu yanafanana. Alinyamaza kidogo. Akaniuliza kama ni lazima waone na matumizi.

Nikasema ndiyo, hasa matumizi.

Akaahidi kulipeleka kwenye bodi ya shule. Bodi inakaa mwezi ujao, na wanafunzi wamekwisha piga mistari kwenye daftari lao.